Kwa nini bakteria wa udongoni awe na jeni nyingi za kudhibiti jeni nyingine?

Mwanafunzi wa Biolojia: Salamu kwenu nyote. Ninasoma kuhusu Streptomyces coelicolor, bakteria wa udongoni ambaye jenomu yake, yaani jumla ya DNA yake, ilichapishwa mwaka 2002. Kati ya jeni zake 7,825 zilizokadiriwa, 965, yaani zaidi ya asilimia 12, ni za kudhibiti nyingine. Protini za sigma pekee ni 65, ilhali Escherichia coli, bakteria wa utumbo, anazo 7 tu. Kiumbe mdogo hivyo anahitaji wasimamizi wote hao kwa kazi gani?

Mkaa Maabara: Ndugu, tazama kwanza anakoishi. Sigma hujishikiza kwenye kimeng'enya kinachonakili jeni na kukielekeza pa kuanzia, hivyo ikibadilika sigma, hubadilika pia kundi la jeni linalosomwa. Udongo leo umelowa, kesho umekauka, na majirani wanagombea jani lilelile lililooza. Chukua mfano wa SigR, ambayo wakati wa utulivu hushikiliwa na protini RsrA yenye zinki. Seli ikivamiwa na kemikali za kuoksidisha, RsrA hupoteza zinki, hubadilika umbo na kuiachia SigR, nayo huwasha jeni za kurekebisha madhara pamoja na jeni ya RsrA yenyewe, kwa hiyo hali ikitulia mlinzi yupo tayari kuikamata tena. Binafsi naona huo ni ufundi wa hali ya juu.

Mzee wa Vijidudu: Sigma zisitufanye tuisahau familia ya TetR, kundi jingine la protini za kudhibiti jeni, lililopata jina kutokana na protini inayodhibiti ukinzani dhidi ya antibiotiki ya tetrasaiklini. Katika Streptomyces griseus, ArpA wa familia hiyo huizima jeni adpA. Seli zinapoongezeka, molekuli ndogo ya ishara hurundikana hadi kumbandua ArpA kwenye DNA. Jeni adpA huwaka, protini yake AdpA huiwasha jeni strR, na hapo antibiotiki ya streptomaisini huanza kutengenezwa.

Mwanafunzi wa Biolojia: Nashukuru, Mzee. Na familia ya WhiB je?

Mzee wa Vijidudu: Jina hilo linatokana na makoloni ya bakteria wenye hitilafu katika jeni ya whiB: hubaki meupe, kwa sababu hayafikii hatua ya kutoa vijimbegu vya kijivu. Protini zake hubeba kifungu cha chuma na salfa, na katika bakteria hupatikana kwa jamii ya aktinobakteria, ambamo Streptomyces wamo. Jamii hiyo inamjumuisha pia Mycobacterium tuberculosis, bakteria wa kifua kikuu, ambaye hutumia WhiB7 kustahimili baadhi ya antibiotiki, streptomaisini ikiwemo.