Ping inapaa mtu akipakia video: tatizo ni ruta au laini?

Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Nina faiba ya Mbps 40. Nikiwa peke yangu ping (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) hukaa milisekunde 35 hivi, gemu linateleza. Balaa ni mwenzangu akianza kupakia video: inaruka hadi 400, nalenga adui kumbe nimeshakufa kitambo. Nilihamia Wi-Fi ya GHz 5, kisha nikachomeka kebo kwenye ruta. Kebo imepunguza kukwamakwama, lakini akipakia tu, yaleyale. Ruta ni ile ya mtoa huduma, haina mpangilio wowote wa kugawa foleni ya data.

Je, ninunue ruta yenye SQM (mpangilio wa kusimamia foleni ya data ili mmoja asizibe laini), au niongeze kwanza kasi ya kupakia? Na kwenye SQM, kikomo cha kasi nikiweke chini ya kasi halisi kwa asilimia ngapi?