Naomba ushauri: mada ya tasnifu kuhusu kilimo cha mwani

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Nasoma shahada ya uzamili, na mwisho wa mwezi huu natakiwa niwasilishe mada.

Mama yangu analima mwani Jambiani. Nimekua nikimfuata pwani maji ya bamvua yakitoka, yeye kainama, maji magotini, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba, mimi nimeshika ncha ya pili. Basi nikaandika "Kilimo cha mwani na maisha ya wanawake Zanzibar". Msimamizi kanirudishia: pana mno, na kilimo hiki kimeandikwa sana tangu kilipoanza mwaka 1989. Kwa kweli ana hoja.

Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, haihimili joto la maji. Wengi wamebaki na spinosamu, aina nyingine ya bei ndogo. Je, nipime joto la maji msimu mzima, au niwahoji kinamama wanaotaka kuhamia kwenye kina kirefu, ambako maji hayana joto sana, na hawajui kuogelea? Moyo wangu uko kwa hao kinamama, ila naogopa: wananijua tangu mdogo, wasije wakanijibu cha kunifurahisha tu. Mliowahi kufanya utafiti kijijini kwenu, mlifanyaje?