Nyanya za kwenye ndoo zinaoza kitako, trei ya mayai imeisha na bado

BintiPantoni

Habari zenu wakuu. Picha zimegoma kupanda, kwa hiyo naeleza kwa maneno.

Naishi Kigamboni, nyumba ya kupanga, uani tumegawana wapangaji watatu. Kipande changu ni kama mikeka miwili ukiitandika, kati ya ukuta na kamba ya kuanikia nguo. Mwezi wa kumi na moja nilinunua ndoo sita nyeusi za lita 20, nikazitoboa matako kwa msumari wa moto, nikajaza mchanga wa hapahapa nje na samadi ya ng'ombe, nusu kwa nusu. Mbegu ni za aina ya Tanya. Zikaota, nikahamisha miche, nikasimika vijiti. Kufika mwisho wa Januari zimebeba mpaka jirani anaacha shuka zake kwenye beseni anakuja kuchungulia.

Sasa balaa. Nyanya ikifika ukubwa wa yai la kanga, kitakoni inatoka doa kama imelowa maji. Siku tatu baadaye doa limekuwa jeusi, limebonyea, gumu kama soli ya kandambili. Upande wa kikonyo nyanya safi kabisa, unaweza ukampelekea mama mkwe. Igeuze sasa, aibu tupu. Na majani yameungua kingoni, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya jiko.

Nilienda duka la pembejeo nikauziwa dawa ya ukungu. Nimepuliza mara mbili, hakuna kitu. Dada mmoja kazini akaniambia maganda ya mayai. Tumekula mayai asubuhi, tumekula mayai usiku, trei nzima, maganda nimetwanga kwenye kinu nikamwaga kwenye ndoo. Hii wiki ya tatu, zinaoza vilevile. Mwingine akasema maziwa. Nilimwaga nusu lita, nikaamka nikakuta paka wa mtaa mzima wamefanya mkutano na ndoo moja iko chini.

Maji natumia ya kisima cha mwenye nyumba. Yana chumvi kidogo, sabuni haitoi povu, ila ndiyo tunayofulia siku zote. Kumwagilia ni nikipata nafasi. Naondoka alfajiri kuwahi pantoni, narudi saa mbili usiku. Kuna siku namwagilia kwa tochi ya simu, kuna siku nafika hoi nalala, kesho yake nafidia kwa kumwaga mengi.

Kinachoniuma zaidi: baba watoto amekaa akapiga hesabu. Ndoo 18,000, samadi 6,000, mbegu 3,500, dawa 12,000. Jumla 39,500. Nyanya nzima tulizokula mpaka leo ni 9. Kwa hiyo kila nyanya imetugharimu karibu 4,400. Hiyo karatasi ameibandika kwenye friji kwa sumaku. Nisaidieni nimshinde huyu mtu.

Kipanga_wa_Mjini

Dada, sado nzima ya nyanya sokoni hufikishi hata hela ya hiyo dawa uliyopuliza. Fuga samaki.

BintiPantoni

Sikuuliza bei ya sokoni. Samaki nifuge kwenye ndoo gani, ile iliyoangushwa na paka?

Fundi_Kimya

Hiyo ni kantangaze. Ndiyo imemaliza nyanya za watu Arusha. Ng'oa zote, choma moto, anza upya na dawa kali.

MzeeWaMatuta

Fundi, ngoja kwanza, usimchomee binti wa watu bustani. Kantangaze tunaifahamu tangu ilipoingia nchini 2014. Ni kipepeo mdogo wa usiku. Kiwavi wake anakula ndani ya jani mpaka linabaki na mabaka meupe kama plastiki, na kwenye tunda anatoboa tundu dogo, mara nyingi karibu na kikonyo, anaacha na kinyesi chake pale. Huyu anasema upande wa kikonyo ni safi na doa halina tundu. Mdudu hayupo hapo.

Binti, mimi ni bwana shamba mstaafu, niko Morogoro. Hilo linaitwa kuoza kitako. Si ukungu, si mdudu, wala haliambukizi ndoo ya pili. Ule weusi unaota juu ya sehemu ambayo imeshakufa, ndiyo maana dawa haikufanya kitu. Aliyekuuzia alikuuzia alichokuwa nacho kabatini.

Chanzo ni tunda kukosa kalsiamu wakati linakua haraka. Hapo watu wote wanakimbilia maganda ya mayai, na hapo ndipo wanapopotea. Nyie mnakaa pwani, chini yenu kuna matumbawe, na matumbawe ni chokaa, yaani kalsiamu hiyohiyo. Sina hakika kama udongo wako umepungukiwa hata kidogo. Tatizo lako ni usafiri. Kalsiamu haina miguu, inapandishwa na maji kutoka mizizini. Majani ndiyo yanayovuta maji mengi kwa sababu yanapigwa jua na upepo. Tunda linapata kinachobaki, na kitako cha tunda ndiyo kituo cha mwisho kabisa cha daladala. Ukikatisha maji siku mbili, gari haifiki kituo cha mwisho. Kesho yake ukimwaga ndoo nzima, haisaidii, abiria wa jana wameshakufa kituoni.

Halafu maji yako. Hapo umepita haraka, umesema "chumvi kidogo", nami ndipo niliposimama. Chumvi kwenye udongo inaunyima mzizi maji hata kama udongo umelowa, na inagombania nafasi na hiyo kalsiamu. Kingo za majani kuungua ni alama yake. Kaangalie mdomo wa ndoo na kwenye matundu ya chini: kuna ukoko mweupe? Lamba kidogo kwa ncha ya ulimi, hufi.

Swali jingine: samadi ilikuwa imeiva, au ilikuwa bado inanuka zizi?

BintiPantoni

Shikamoo mzee. Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Ukoko upo, mweupe, ndoo zote sita. Nimelamba. Ni chumvi, tena ya kuungia mboga. Mtoto wangu mkubwa kaniona nalamba ndoo usiku, kaenda kumwambia baba yake.

Samadi ilikuwa inanuka zizi kwa kweli. Nilidhani ndiyo uzuri wake.

MzeeWaMatuta

Marahaba. Mwambie mtoto mama yake anafanya utafiti.

Samadi mbichi, tena nusu ya ndoo, inasukuma majani yaote mengi na mapana, na majani mengi ndiyo yanayolinyang'anya tunda maji. Nayo ina chumvi yake vilevile. Msimu ujao iache iive miezi mitatu kivulini, uweke sehemu moja kwa tatu za udongo.

Kwa sasa fanya hivi. Nyanya zote zenye doa chuma, hazitapona na zinakula chakula cha wenzao. Usizitupe, kata kitako, kinachobaki kinaliwa bila shida. Kisha osha udongo: mimina maji yasiyo na chumvi taratibu mpaka yatiririke chini, kama lita 40 kwa kila ndoo. Najua maji ya dumu yana bei, kwa hiyo tandika matandazo kwanza, nyasi kavu au majani ya mnazi yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vinne, usubiri mvua za masika zikuoshee bure. Ndoo usizikinge na mvua hata siku moja. Tena ndoo nyeusi juani saa nane mchana, mizizi inachemka kama kisamvu. Zifunge viroba vyeupe, au zisogeze zipate kivuli cha ukuta kuanzia saa saba.

Na umwagilie kila siku. Usiku ni sawa, alfajiri ni bora. Kama wewe huwezi, yupo mtu hapo nyumbani anayejua sana hesabu.

MamaAsumini

Assalam alaykum. Shoga, miye niko Unguja, na huku kwetu hizo twaziita tungule, mkisema nyanya wengine wadhani mwamsema bibi.

Alosema mzee ni kweli, lakini kuna moja hakuligusa. Wewe umezitia tungule wakati wa kaskazi, jua kali na usiku haupoi. Wakati huo hata maua yapukutika yenyewe. Miye natia mbegu masika yakielekea kwisha, zikue kipupwe, mwezi wa sita wa saba, kuna kaubaridi. Utaona tofauti mwenyewe.

Kisima chetu pia ni cha chumvi, tena si kidogo. Niliacha kushindana nacho. Maharage nilijaribu mara moja tu, yalikauka hata hayajafika kifundo cha mguu. Spinachi ndiyo mwenyewe, yanywa chumvi hiyo na majani yawa mapana kama upawa. Tungule nazo nimeziwekea pipa la maji ya mvua peke yao. Zile chache nilizozikuza kwa maji ya kisima zilikuwa ndogo, lakini tamu, wallahi, nilizila hivihivi kama tende.

Tabu yangu miye ni konokono, yale makubwa kama ngumi. Magharibi ikishapita natoka na binti yangu, yeye ameshika tochi, mimi ndoo yenye kifuniko. Juzi tumehesabu 31. Ananisomea idadi kwa sauti kama yuko mnadani. Mume wangu hutusikia dirishani, asema bustani hii yatoa nyama kuliko mboga.

Lakini usiku huohuo asumini ya mlangoni yafunguka, nachuma, naziweka kwenye sahani chumbani. Hiyo sijampigia mtu hesabu yake.

Kipanga_wa_Mjini

Nyie watu mmenifanya nimetoboa ndoo. Mchicha unachukua siku ngapi?

MzeeWaMatuta

Kipanga, kuanzia wiki tatu hivi unaanza kung'oa. Usinyunyize mbegu kama unachotea kuku, changanya na mchanga kwanza. Na samaki je?

BintiPantoni

Wakuu, narudi kutoa taarifa, leo katikati ya Aprili.

Nilifanya alivyosema mzee. Nyanya zenye doa nilichuma 22 kwa siku moja, nikakata vitako, nikapika mchuzi wa dagaa. Matandazo niliyapata kwa jirani, alikuwa amepunguza mnazi. Viroba nimevalisha ndoo zote, zikawa kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Mwezi wa tatu mvua ilipoanza niliweka beseni na pipa chini ya bati, ile ya kwanza nikaiacha ipite na vumbi na mavi ya kunguru, iliyofuata nikaanza kukinga. Kuna usiku ilipiga mfululizo mpaka matundu ya ndoo yakawa yanatoa maji ya rangi ya chai. Nikasimama mlangoni na kanga kichwani naangalia chumvi yangu inaondoka. Nilifurahi kama nimelipwa deni.

Ndoo mbili zimekufa kwa mnyauko, siwezi kuficha. Zikanywea ghafla mvua zilipozidi, nikang'oa. Nne zimebaki. Matawi ya chini yaliyokuwa yameungua hayakurudi, ila ya juu yametoka na nyanya zenye vitako vizuri, za duara, safi kabisa. Mpaka jana nimechuma 37. Nne tu zilikuwa na doa, na hizo ni za wiki niliyokuwa msibani Lindi.

Kuhusu mtu wa hesabu. Wiki hiyo ya msiba ilibidi amwagilie yeye. Siku mbili akasahau, ndiyo zile nne. Niliporudi nikakuta amezichuma mwenyewe, kazificha nyuma ya pipa. Jumamosi nikamkuta uani amesimama na nyanya mkononi, ameing'ata ikiwa na joto la jua, maji yanamtiririka kidevuni, kwenye kiganja ana chumvi kidogo. Chumvi ya jikoni, nimeuliza. Karatasi bado iko kwenye friji lakini ameongeza mstari chini kwa kalamu nyekundu: 39,500 gawanya kwa 46, sawa na 859. Nilimwambia aongeze na bei ya mayai, akasema mayai tulikula.

MamaAsumini, mbegu za kipupwe nimeshanunua. Na spinachi nimeipa ndoo mbili zilizobaki wazi, kwa maji ya kisima, tuone.

Swali langu la mwisho: kuna kinyonga amehamia kwenye ndoo ya tatu. Mimi simgusi, namwona anadaka nzi weupe siku nzima. Ila baba watoto hamwagilii tena upande ule, anasema mpaka mgeni aondoke. Anakaa muda gani huyu?