Viwanja vya ndege zinazopaa wima: kanuni zitangulie, au tungoje ndege zifike?

Wadau wa Moshi na Arusha, nauleta mjadala huu baada ya kubishana na shemeji yangu Jumapili. Yeye anasema ndege za umeme zinazopaa na kutua wima bado hazijafika kwetu, kwa hiyo kuziandikia kanuni za viwanja mapema ni kumfukuza mwekezaji. Mimi nasema kanuni zitangulie, na sababu yangu ni ardhi.

Marekani, mamlaka yao ya anga, FAA, ilitoa mwongozo wa viwanja hivi Septemba 2022 na kuurekebisha Desemba 2024. Kipimo cha kuanzia ni kipenyo cha duara dogo kabisa linaloweza kuizunguka ndege nzima. Kwa toleo la 2022, kikiwa meta 15, pa kugusia chini pawe na upana wa meta 15, eneo la kushukia na kuondokea meta 30, na ukijumlisha ukanda wa usalama unafika meta 45. Shemeji akasema, "Si hata nusu ya uwanja wa mpira!"

Lakini ndege haishuki kama ndoo kisimani. Njia yake ya angani hupanda meta 1 kwa kila meta 8, hadi meta 1,200 hivi kutoka uwanjani. Mgrevilea wa meta 20 ulio upande huo unatakiwa uwe mbali meta 160. Sasa njooni Kibosho au Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro: ndani ya meta 160 kuna vihamba vingapi, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi? Kuna makaburi ya wazee, migomba, na hiyo migrevilea ndiyo kivuli cha kahawa. Nani atamwambia mwenye kihamba akate, na kwa fidia ipi?

Toleo la 2024 linataka pia kuonyeshwa eneo ambako upepo wa ndege unazidi kilometa 55 kwa saa. Upepo huo naujua. Helikopta iliwahi kutua kwenye uwanja jirani nasi bila mtu kutangaziwa. Mama aliyekuwa ameanika mahindi alibaki ameshika ncha moja ya turubai, mahindi yote yametapakaa majanini, na bati mbili za banda lake la kuku tukaziokota ng'ambo ya mfereji. Hakuna aliyerudi hata kumpa pole.

Na tusinakili namba tu. Uwanja wa Arusha pale Kisongo uko karibu meta 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko pwani, mapangaboi ya ndege yanalazimika kuisukuma kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule.

Sizipingi ndege hizi. Mgonjwa wa kutoka mlimani akifikishwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa dakika chache, nani asiyetaka? Ila TCAA, mamlaka yetu ya anga, na halmashauri wakae na wenye vihamba kabla ramani haijachorwa.

Swali langu: njia ya angani ikipita juu ya kihamba, mwenyewe alipwe hata kama ardhini halijawekwa tofali? Mimi nasema alipwe. Shemeji anasema hewa haina mwenyewe. Nyie mnasemaje?