Pakiti ya Commander kwa meza ya watu wanne: nimwimarishe Krenko au nibadili kamanda?

Mwanakarata wa Soweto, Moshi

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri wa wale wanaocheza mchezo wa karata wa Magic kwa mtindo wa Commander, hususan wale waliozoea meza ya watu wanne ambapo kila mmoja amekuja kushinda.

Kwa wasioufahamu mtindo huu, kila mchezaji huwa na pakiti ya karata 100 akiwemo kamanda wake (kiumbe anayeiongoza pakiti na anayepatikana tangu mwanzo), hairuhusiwi kurudia karata isipokuwa ardhi za msingi (karata zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine), na kila mmoja huanza na pointi 40 za uhai. Kamanda wangu ni Krenko, Mob Boss. Anashuka kwa mana nne, na kila akilazwa (karata yake ikigeuzwa ubavu ili kutumia uwezo wake) huzalisha magoblini wapya kwa idadi ya magoblini nilionao mezani, kwa hiyo jeshi huongezeka maradufu kila zamu asipopata wa kumzuia. Hapa Moshi, katika meza yetu ya Jumapili, pakiti hii inanitosha kabisa na sina malalamiko nayo.

Hali imekuwa tofauti tangu nianze kupanda basi kwenda Arusha kucheza na kundi linalokutana Njiro. Mchezo wao huisha mzunguko wa nne au wa tano, wakati mwingine Krenko akiwa ndiyo kwanza ameshuka na hajalazwa hata mara moja. Nimeongeza magoblini, nimeongeza ardhi, lakini kasi haikubadilika. Ninachotaka kujua ni hiki: je, Krenko anaweza kuimarishwa akafikia kiwango hicho, au nitafute kamanda mwingine? Na ikiwa ni kubadili, ninaanzaje kuijenga pakiti yenyewe, ikizingatiwa kwamba fedha yangu ni ya kawaida na karata hunifikia kwa kuagiza au kwa jamaa wanaotoka nje?

Mchangaji wa Njiro

Karibu sana ndugu, na hongera kwa kusafiri kilomita themanini kufuata mchezo. Nitakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu swali lako linagusa jambo ambalo wengi hulipita wanapotoka kwenye mchezo wa watu wawili.

Katika meza ya watu wanne unakabili pointi 120 za uhai, siyo 40. Kushambulia ni njia halali, lakini ni njia inayokulazimu kufanya kazi mara tatu huku watu watatu wakikutazama. Ndiyo maana pakiti nyingi za ushindani hutafuta muungano wa karata mbili au tatu unaowamaliza wote kwa pamoja. Usianze kujenga kwa kuuliza ni magoblini gani wazuri. Anza na mwisho wa mchezo, yaani jiulize utashinda kwa karata zipi na zitakugharimu mana ngapi, kisha rudi nyuma hadi ardhi ya kwanza.

Tumpime Krenko kwa kipimo hicho. Muungano wake mzuri ninaoufahamu ni Krenko mwenyewe, Thornbite Staff na Goblin Bombardment: unamlaza Krenko, unapata magoblini, unamtoa goblini mmoja sadaka kwa Bombardment ili kumpiga mpinzani pointi moja, na kwa kuwa kiumbe amekufa, ile fimbo (Thornbite Staff) inamsimamisha Krenko tena, basi mzunguko haukomi. Ni muungano imara. Ila hesabu gharama yake: Krenko mana nne, fimbo mbili, kumvika fimbo nne, Bombardment mbili. Jumla ni mana 12, na bado Krenko anahitaji uwezo wa kulazwa zamu ileile aliyoshuka. Mpinzani wako mwenye karata za rangi ya buluu na nyeusi anatumia Thassa's Oracle kwa mana mbili na Demonic Consultation kwa mana moja. Anaita jina la karata ambayo haimo katika pakiti yake, rundo lake lote la kulamba (la kuchukulia karata mpya) linaondolewa mchezoni, na kwa kuwa rundo ni tupu, Oracle inampa ushindi. Mana tatu dhidi ya 12. Hakuna ardhi ya kuongeza itakayoziba pengo hilo.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni thamani ya karata unayotumia kumzuia mtu. Mkiwa wawili, ukitumia karata moja kuzuia karata moja mmelingana. Mkiwa wanne, wewe na uliyemzuia mmepungukiwa na karata moja moja, na wale wawili waliokaa kimya wamefaidika bila kutoa chochote. Kwa hiyo pakiti ya watu wanne inahitaji karata zinazowagusa wapinzani wote watatu kwa wakati mmoja, au zinazokulipa kwa kila mmoja wao. Rhystic Study inapendwa kwa sababu hiyo: kila mpinzani anapocheza karata, ama analipa mana moja ya ziada ama wewe unalamba. Mystic Remora hufanya kazi kama hiyo kwa karata zisizo viumbe, na malipo yake ni mana nne, ambayo mapema katika mchezo karibu hakuna anayeyamudu.

Ushauri wangu basi ni kumwacha Krenko kwa ajili ya meza ya Jumapili na kujenga pakiti nyingine kwa ajili ya Arusha.

Mwenye Steshenari, Kijenge

Naunga mkono yaliyosemwa na Mchangaji, nami niongezee upande wa fedha.

Kinachokula fedha katika pakiti za ushindani za rangi tatu au nne ni ardhi. Ardhi za rangi mbili za mwaka 1993 zimo katika orodha ambayo kampuni ya Wizards of the Coast iliitangaza mwaka 1996 kwamba karata zake hazitachapishwa tena, kwa hiyo bei yake haitarajiwi kushuka. Mchezaji wa rangi moja hana haja nazo. Ndugu yetu tayari ana milima (ardhi za msingi za rangi nyekundu) mingi ya Krenko, na hiyo ni nusu ya safari.

Napendekeza umfikirie Magda, Brazen Outlaw. Anashuka kwa mana mbili tu. Kila kibeti wako anapolazwa, Magda akiwemo, unapata hazina moja (kifaa kidogo kinachotolewa sadaka ili kupata mana moja), na ukitoa sadaka hazina tano unatafuta kifaa chochote au joka lolote katika rundo lako na kuliweka mezani moja kwa moja bila kulipia gharama yake. Maana yake kamanda wako ndiye mtafutaji wa karata ya ushindi, na yupo tangu mchezo unapoanza. Ukiwa na Springleaf Drum mezani, unaweza kumlaza Magda zamu ileile aliyoshuka, ukapata mana na hazina kwa pamoja.

Muungano wenyewe ni Magda, Clock of Omens na kifaa ambacho pia ni kibeti, kwa mfano Universal Automaton, ambayo huhesabiwa kuwa kila aina ya kiumbe. Saa ile (Clock of Omens) inalaza vifaa viwili ili kusimamisha kimoja. Unalaza Automaton na hazina moja, Magda anakupa hazina mpya kwa sababu kibeti amelazwa, na saa inamsimamisha Automaton. Unarudia. Hazina zilizolazwa hazitoi mana tena, lakini bado zinafaa kutolewa sadaka kwa Magda, kwa hiyo vifaa na majoka yako yote yanashuka. Ukiwa na Reckless Fireweaver mezani, kila hazina inayoingia humpiga kila mpinzani pointi moja, na mchezo unaishia hapo. Zingatia pia kwamba Automaton haihitaji kusubiri zamu ijayo, kwa kuwa anayeilaza ni saa, siyo uwezo wake yenyewe.

Kuhusu karata za kuchapisha, yaani nakala unazochapisha mwenyewe badala ya kununua, kundi la Njiro linazikubali mradi uwaambie wenzako mapema na ziwe zinasomeka vizuri. Chapisha kwa rangi, kata sawasawa, kisha weka karatasi mbele ya karata ya kawaida ndani ya mfuko wenye mgongo usiopitisha mwanga, ili unene ulingane na mgongo usitofautiane. Katika mashindano rasmi hazikubaliki, ila kwa mezani kwetu zinamwezesha mtu kuijaribu pakiti kabla ya kuagiza. Angalizo moja: orodha nyingi za zamani mtandaoni bado zina Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist, ambazo zilipigwa marufuku Septemba 2024. Usizigharimie wino.

Dada wa Sakina

Wakuu, naheshimu maoni yenu, lakini sikubaliani na kumpeleka mgeni kwenye rangi nyekundu pekee. Nyekundu hailambi karata vizuri na haina uwezo mpana wa kuzuia. Akishindwa mara ya kwanza, Magda akaondolewa mezani, atabaki anasubiri karata moja kila zamu huku wenye buluu wamejaza mikono. Ni heri aanze na rangi mbili zenye buluu ndani yake, hata kwa karata za kuchapisha, ajifunze kuzuia na kulamba. Hayo ndiyo yatakayomfanya awe mchezaji, naye kamanda atamchagua baadaye.

Pia hakuna aliyemweleza juu ya mkono wa kuanzia. Katika mchezo wa watu wengi, kubadilisha karata saba za mwanzo kwa mara ya kwanza hakuna adhabu, na watu wengi wanaotoka kwenye meza za kirafiki hubaki na mkono wenye ardhi nne na viumbe watatu kwa sababu tu unachezeka. Mkono wa aina hiyo ni garasa kwenye meza ya ushindani. Mkono mzuri una mana ya haraka na kitu kimoja cha maana, ama cha kushinda, ama cha kuzuia, ama cha kulamba.

Mchangaji wa Njiro

Dada, hoja ya mkono wa kuanzia naipokea yote. Kuhusu buluu, ningekubaliana nawe kama meza yetu isingekuwa na wachezaji watatu wa rangi tatu na zaidi. Dhidi yao nyekundu ina Blood Moon, ambayo kwa mana tatu inageuza kila ardhi isiyo ya msingi kuwa mlima. Wapinzani wote watatu wanakwama, kwa kuwa ardhi zao zisizo za msingi zinatoa mana nyekundu tu, na wewe mwenye milima mitupu hupotezi kitu. Hiyo ndiyo karata inayowagusa wote niliyoisema hapo juu. Ni karata ambayo meza za kirafiki haziipendi, na katika mpangilio wa ngazi tano za kupima pakiti za Commander ulioanza mwaka 2025 karata za kukwamisha ardhi haziingii ngazi tatu za chini, kwa hiyo usiipeleke Jumapili Moshi. Njiro hakuna atakayelalamika.

Uzuiaji upo pia. Pyroblast na Red Elemental Blast huzuia karata ya buluu kwa mana moja, Deflecting Swat hugeuza shabaha ya karata ya mpinzani na ni bure kamanda wako akiwa mezani, na Tibalt's Trickery huzuia karata yoyote kwa mana mbili. Ningeweka karata za aina hii zisizopungua kumi, zote za bei ndogo ya mana, kwa sababu utazitumia katika zamu za wengine.

Mwanakarata wa Soweto, Moshi

Nawashukuru nyote, na Dada wa Sakina nimekusikia. Nimeamua kuanza na Magda kwa kuwa milima ninayo na vibeti kadhaa nimeshavipata, kisha nitajifunza buluu kwa karata za kuchapisha pembeni. Orodha yangu ya awali ina ardhi 30, milima karibu yote, na karata 12 za kuzuia.

Swali langu la mwisho ni juu ya matumizi ya hizo karata za kuzuia. Mpinzani akianza muungano wake wa ushindi na mimi nina Pyroblast mkononi, nizuie mara moja, au nisubiri kuona kama wenzangu watazuia wao ili nisipoteze karata yangu?

Mchangaji wa Njiro

Inategemea umekaa wapi. Nafasi ya kujibu huzunguka kuanzia kwa aliyecheza kwenda kushoto kwake, kwa hiyo aliyekaa kuliani kwake ndiye wa mwisho. Ukiwa wa kwanza kujibu unaweza kupitisha ukitumaini walio nyuma yako wana kitu, ila wakipitisha wote, karata imefaulu na hurudishiwi nafasi. Ukiwa wa mwisho huna wa kumtegemea, nao wanalijua hilo, wengine watakuachia mzigo kwa makusudi. Ndiyo sababu ya kutaka karata za kuzuia za mana sifuri au moja: mzigo ukikuangukia, uwe unabebeka.

Dhidi ya Oracle kuna jambo la kuwa nalo makini zaidi. Pyroblast inagusa buluu peke yake. Oracle ni ya buluu, Consultation ni nyeusi. Ukimwacha Oracle ashuke ukisubiri Consultation, Pyroblast yako haina kazi tena, na hata kumuua Oracle aliyekwisha kuingia hakusaidii, kwa sababu rundo likiwa tupu masharti ya ushindi yametimia hata kama Oracle mwenyewe hayupo mezani. Kwa hiyo ukiwa na Pyroblast tu, mzuie Oracle wakati anachezwa. Ukiwa na Tibalt's Trickery na mana mbili zimesimama, hapo unaweza kusubiri Consultation, na mwenyewe akiwa ameshaitoa Oracle atabaki bila nusu ya muungano wake.

Njoo nayo Jumamosi hivyohivyo ilivyo. Dada wa Sakina huleta Oracle, utaijaribu dhidi yake.