Mrejesho: milioni 4 za akiba, hisa za sigara nimeziacha

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama niweke milioni 4 zangu kwenye hisa za kampuni ya sigara pale DSE (soko la hisa la Dar es Salaam), maana gawio lilinivutia ila roho ikawa inasita. Mzee wangu alivuta miaka 30. Mwishoni alikuwa halali bila kuegemea mito mitatu, kikohozi tunakisikia hadi uani. Nimeshindwa.

Nilimwendea dalali, nikanunua hatifungani ya kijani (yaani unakopesha hela kwa mradi wa mazingira, unalipwa riba) ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ile ya 2024: miaka 10, riba asilimia 13.5, inalipwa kila nusu mwaka, fedha zinaenda kwenye miundombinu ya maji. Ilishauzwa yote mwanzoni, hivyo kumsubiri mwenye nayo anayetaka kuuza kulichukua muda kidogo.

Mkuu uliyesema hela haina dini, nimekusikia, ila kwa hili sikuweza. Asanteni sana wote.