Goti lililobadilishwa, wiki ya 6: ni maumivu au ni hofu?

Fizio_Wilayani:
Habari wakuu. Nina mgonjwa wa miaka 64, wiki ya 6 tangu abadilishiwe goti. Kidonda kimefunga, hana homa, eksirei haina tatizo. Goti linakunja nyuzi 75 tu, na anataja maumivu 7 kati ya 10 kabla sijamshika. Siku mbili analala. Ya tatu anafua, anapika, anafagia uwanja, jioni goti limevimba, anarudi kitandani. Wanawe wanamwambia "pole mama, pumzika". Nimkunje kwa nguvu?

Mguu_Imara:
Hapana. Ukilazimisha, atakaza paja, hutapata hata nyuzi moja, na miadi ijayo haji. Huo ni mzunguko walioueleza watafiti wa maumivu Vlaeyen na Linton mwaka 2000: maumivu yanachukuliwa kuwa dalili ya hatari, hofu inaingia, mtu anaacha kujongea, msuli wa mbele ya paja unasinyaa, goti linakaza, maumivu yanazidi. Ila usimwite mwoga. Goti likijaa maji, neva zenyewe huuzuia msuli huo usijikaze vizuri, hata kwa asiye na hofu yoyote.

Mpime kwa skeli ya Tampa, dodoso la kupima hofu ya kujongea: sentensi 17, kila moja alama 1 hadi 4. Jumla ya 37 na zaidi kwa kawaida huhesabiwa hofu kubwa. Wengi hukosea kwenye sentensi ya 4, 8, 12 na 16, ambazo zimegeuzwa: alama aliyotoa iondoe kwenye 5 kabla ya kujumlisha.

Saa_Mkononi:
Shida kubwa naiona kwenye hiyo siku ya tatu. Kwa siku 3 andika dakika anazotembea kabla ya kulazimika kusimama. Zikiwa 6, 9 na 6, wastani ni 7. Muanzishie 5, mara 4 kwa siku. Ongeza dakika 1 kila baada ya siku 2. Saa ndiyo imsimamishe, maumivu yasimsimamishe. Na akijisikia vizuri asizidishe, maana hapo ndipo mpango huvunjika. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa ameze dakika 45 hadi 60 kabla ya mazoezi.

Maumivu hadi 5 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Pima mzunguko wa goti kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya kifuniko cha goti. Likizidi sentimita 1 kuliko jana, rudi kwenye kiwango cha juzi.

Kisha mwambie apange anavyoviogopa, kuanzia chepesi: kuinuka kitini, kushuka ngazi, kupanda daladala. Kabla ya kila kimoja aseme anadhani nini kitatokea, mkiandike, mkilinganishe baadaye. Ukiruka hatua hiyo, atafanikiwa na bado aamini ilikuwa bahati.

Neno_Tiba:
Chunga lugha pia. "Naumia" kwa Kiswahili hubeba mambo mawili: nahisi maumivu, na nadhurika. Ukimuuliza "unaumia?" kila dakika, unamkumbusha hilo la pili. Uliza "goti linauma kiasi gani?" halafu "unahofia nini likikunjwa zaidi?" Mara nyingi jibu ni kwamba chuma kitachomoka au mshono utafumuka, na hapo una cha kumweleza. Wanawe wape kazi ya kushika saa na kuandika dakika. Maji ya kunywa akachukue mwenyewe.

Wodi_Namba_Tatu:
Yote sawa, lakini msimalizie kila kitu kwenye saikolojia. Nyuzi 75 wiki ya 6 ni chache. Mjulishe daktari wa upasuaji sasa: goti lisilofika 90 huweza kukunjwa chini ya nusukaputi, na muda unaofaa kwa hilo kwa kawaida ni kati ya wiki ya 6 na ya 12. Mkisubiri hofu iishe kwanza, makovu ya ndani yatakuwa yamekomaa. Na shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa majimaji, au homa ikifika 38, sitisha ratiba na umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Fizio_Wilayani:
Asanteni. Barua kwa daktari inatoka leo, Tampa kesho asubuhi kabla ya kumgusa goti.